Jinsi ya Kufuatilia Asili na Maana ya Jina la Mungu

Ndani ya jina la Mungu mna maswali matatu, na makosa mengi huanza pale mtu anapojibu moja akadhani ameyamaliza yote. Neno lenyewe limetoka wapi? Waliolitumia zamani walikusudia nini? Na anayelitamka leo akisali au akiswali anakusudia nini? Majibu hupishana. Deus ya Kilatini ina mzizi wa kale uliohusu mng'ao wa mbingu za mchana, lakini padri aliyesoma misa kwa Kilatini hakuwa akiliomba anga. Kabla ya kufungua kamusi yoyote, andika juu ya ukurasa swali unalotafutia jibu, moja tu, na ukihamia jingine fungua ukurasa mwingine.

Vifaa si vingi. Tayarisha jedwali lenye safu saba: umbo la neno kama lilivyoandikwa, lugha, mwaka au karne ya andiko la kale zaidi, aliyeliandika, ngeli na upatanisho wake, maana iliyotolewa, na ushahidi wa maana hiyo. Safu ya saba ndiyo itakayobaki tupu mara nyingi, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Tafuta kamusi mbili za lugha husika, moja ya kisasa na moja kongwe. Kwa Kiswahili, kamusi ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882 inafaa, kwa kuwa inaonyesha matamshi ya Mombasa kabla lugha haijasanifishwa.

Kwanza, jua kama ni jina, cheo au sifa

Kuna maneno ya aina, yaani yanayoweza kumtaja mungu yeyote, kama Mungu, elohim ya Kiebrania, theos ya Kigiriki na ilah ya Kiarabu. Kuna vyeo: Bwana, Adonai ya Kiebrania, Kyrios ya Kigiriki, Mola. Kuna sifa: Rahmani, Muumba, Mwenyezi. Kisha kuna majina hasa, nayo ni machache kuliko watu wanavyodhani. Usipoyatenganisha utalinganisha visivyolingana, kama wale wanaobishana ikiwa "Allah" ni la kale kuliko "Adonai", ilhali moja ni jina na jingine ni cheo.

Kipimo chake ni chepesi. Litie neno katika wingi, kisha lipe kimilikishi. Mungu hutoa miungu na Mungu wangu. Limepita pote, basi ni neno la aina lililokuwa jina kwa matumizi. Ilah ya Kiarabu nayo ina wingi wake, aliha, na "Mungu wangu" ni ilahi. Allah halina wingi wala halipokei kimilikishi. Mwarabu akitaka kusema "Mungu wangu" hurudi kwenye ilah. Ndivyo ilivyo kwa YHWH, zile herufi nne za Kiebrania: katika Biblia nzima ya Kiebrania halina wingi, halina kimilikishi wala halitanguliwi na kibainishi ha-, kinachofanya kazi kama al- ya Kiarabu.

Elohim huwasumbua wengi kwa sababu mkia wake, -im, ni wa wingi. Usihukumu kwa mkia. Tazama kitenzi: katika Mwanzo 1:1 kitenzi cha Kiebrania bara, "aliumba", ni cha umoja. Neno hilohilo linapotajia miungu ya mataifa mengine, vitenzi huwa vya wingi. Anayejenga hoja nzima juu ya -im bila kutaja kitenzi ameacha nusu ya ushahidi.

Kuhusu Allah, wanaisimu wengi huliona kuwa ni al- na ilah vilivyoungana. Baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu wameshikilia kwamba ni jina la dhati ambalo halikunyambuliwa kutoka neno lolote. Andika kauli zote mbili katika jedwali, na useme ipi ni ya nani. Ongeza pia kwamba Wakristo wanaosema Kiarabu humwita Mungu Allah, kwa hiyo neno lenyewe halitoshi kukuambia dini ya mtumiaji.

Pili, vua viambishi mpaka ubaki na shina

Hapa Kiswahili kina hazina kubwa, na wachache huiangalia. Chukua majina yaliyojaa katika tenzi na kasida: Rabuka, Rabana, Maulana, Ilahi. Kila moja limebeba kimilikishi cha Kiarabu tumboni. Rabuka ni rabbu, bwana mlezi, pamoja na -ka, "wako". Rabana ni rabbu na -na, "wetu". Maulana ni maula na -na hiyohiyo. Iondoe, na kinachobaki ndicho Waswahili wanachokiita Mola. Mola na Maulana ni neno moja, basi. Ilahi imeshaonekana hapo juu. Mshairi akisema "Rabana wetu" hajakosea, maana neno limeshaganda katika Kiswahili, ila anayetafuta asili akiliorodhesha Rabana kama jina la tofauti na Rabuka atakuwa amehesabu kitu kimoja mara mbili.

Kwa majina ya Kiarabu, ukishavua al- tafuta konsonanti tatu za mzizi, halafu utazame wazani, yaani umbo ambalo mzizi umemiminwa humo. Ghafir, Ghafur na Ghaffar zote ni gh-f-r. Ghafir ni mtendaji wa kawaida, "mwenye kusamehe". Ghafur na Ghaffar ni maumbo ya kukithirisha, ya mwingi wa kusamehe. Sasa ufuate mzizi wenyewe nje ya dini: mighfar ni kofia ya chuma ya vitani, inayofunika kichwa. Maana ya chini ya mzizi ni kufunika na kukinga. Kiswahili kimechukua ghofira kutoka hapohapo. Fanya hivi kwa r-h-m pia: Rahmani na Rahimu zina mzizi mmoja na rahim, tumbo la uzazi.

Kwa wanaofuatilia yale majina 99: hadithi ya Abu Hurayra iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim inataja idadi, "mia kasoro moja", bila kuyaorodhesha. Orodha mashuhuri imo katika Tirmidhi, na wataalamu wa hadithi wamejadiliana kama orodha ni sehemu ya maneno ya Mtume au ni nyongeza ya wasimulizi. Ukikuta orodha mbili zilizochapishwa zinatofautiana majina kadhaa, usikimbilie kusema mpiga chapa alikosea.

Katika lugha za Kibantu, kiambishi cha mwanzo ndicho cha kung'oa. Katonda ya Kiganda ni ka- na kitenzi -tonda, kuumba. Ruhanga ya Kinyoro na Kihaya ni ru- na -hanga, ambayo nayo ni kuumba. Haya ni majina rahisi kwa sababu vitenzi vyake bado vinatumika kila siku.

Mungu si jepesi hivyo. Umbo lake, mu- kwa mi-, ni la ngeli ya mti na miti: Mungu, miungu. Lakini upatanisho wake ni wa watu: Mungu anapenda, si "Mungu unapenda". Modimo ya Kisotho na Kitswana ina jambo hilohilo la ngeli. Wingi wake ni medimo, ilhali badimo, lenye kiambishi cha watu, ni wahenga waliokufa. Andika ngeli ya umbo na ngeli ya upatanisho katika safu moja, kwa mkwaju (/) kati yake. Ila usivuke hapo ukasema kwamba wahenga walimwona Mungu kuwa kitu. Ngeli hiyo ya mu-/mi- ina miti, mito, moyo na mwezi. Ni kikapu kilichochanganyika.

Kosa la namna hiyo hufanywa sana kuhusu Enkai ya Wamaasai. Kiambishi en- ni cha jinsia ya kike katika lugha ya Kimaa, na neno hilo hutaja pia mvua na anga. Wako waliorukia kusema kwamba Wamaasai huabudu mvua, na wengine kwamba Mungu wao ni mwanamke na hoja imekwisha. Kinachoweza kuandikwa kwa uhakika ni hiki: nomino ni ya jinsia ya kike kisarufi, hushirikiana umbo na neno la mvua na mbingu, na Wamaasai hutofautisha Enkai Narok, mweusi, na Enkai Nanyokie, mwekundu. Kingine chochote kithibitishwe kwa sala, nyimbo na maelezo ya wenyewe.

Tatu, pima sauti kabla ya maana

Maana huvutia, sauti hushika sheria. Mtu akikuambia majina mawili ni ndugu, mwombe maneno mengine matatu ya kawaida ambayo sauti zake zimebadilika vivyo hivyo. Asipokuwa nayo, weka dai lake pembeni.

Mfano wa dai linalopita: Mungu limetokana na Mulungu, umbo linaloishi hadi leo katika Kiyao, Kichewa, Kigiriama, Kikamba na lugha nyingine nyingi za Afrika ya Mashariki. Kiswahili hudondosha l iliyokuwa kati ya irabu. Njala ya Kichewa ni njaa, mvula ni mvua, na fungua ilikuwa fungula, l yake ikibaki katika fungulia. Basi Mulungu likawa Muungu, ambalo linaonekana katika maandishi ya kale ya Kiswahili, kisha irabu mbili zikabanana: Mungu. Kila hatua ina shahidi.

Shina -lungu lenyewe ndilo lenye utata. Wapo wanaolifunga na kitenzi cha kuunganisha, kile kilichotupa kuunga, na wapo wanaolifunga na ukoo na wahenga. Yote ni mapendekezo, na la kwanza huenda limependwa zaidi kwa kuwa linahubirika vizuri.

Mfano wa dai linaloanguka: deus na theos. Yanafanana, yote yana maana ya mungu, na Kilatini na Kigiriki ni lugha za jamii moja. Hata hivyo si ndugu. Mwanzoni mwa neno, d ya Kilatini hulingana na d ya Kigiriki: kumi ni decem na deka. Th ya Kigiriki hulingana na f ya Kilatini: thyra, mlango, ni fores, thymos, moyo wenye hamaki, ni jamaa ya fumus, moshi. Kwa sheria hiyo, ndugu wa theos katika Kilatini lazima aanze na f, na wanaisimu humtafuta kwenye fanum, mahali patakatifu, na festus, ya sikukuu. Ndugu wa deus katika Kigiriki ni Zeus, na d yake huonekana wazi katika umbo la umilikishi, Dios. Hapo ndipo Dyaus Pita wa Wahindi wa kale na Jupiter wa Warumi wanapoingia: "baba mbingu", neno kwa neno.

Vipimo vingine ni vya haraka. Wanaosema God ya Kiingereza imetokana na neno la "wema" waangalie Kijerumani, Gott na gut, au Kiholanzi, god na goed. Irabu zimetengana tangu zamani. Wanaounganisha Mungu na Mzungu waeleze l ilivyogeuka z, kisha waeleze kuzunguka kunafanya nini humo. Umlungu ya Kizulu, yenye maana ya mtu mweupe, nayo hukokotwa katika hoja hii. Kufanana kwake na Mulungu si ushahidi mpaka mtu aonyeshe njia.

Sauti pia hukuonyesha mkopo. Wakikuyu na Wakamba wana Ngai, na Wakamba wana Mulungu pia. Ngai haina vipande vya Kibantu vya kunyambulika, ilhali jirani zao Wamaasai wana Enkai yenye kiambishi hai na maana ya ziada ya mvua na anga. Lugha ambamo neno linanyambulika na lina jamaa ndiyo kwa kawaida iliyokopesha. Ndivyo pia uThixo ya Kixhosa inavyofuatiliwa hadi kwa Wakhoikhoi.

Nne, tafuta andiko la kale, na ujue waandishi walifanya nini

Kwa YHWH mawe yapo. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la karne ya 9 KK, liligunduliwa mwaka 1868 huko Dhiban, Yordani, na lina herufi hizo nne. Uzuri wake ni kwamba lilichongwa na maadui wa Israeli, hivyo hakuna anayeweza kusema ni mkono wa makuhani wa Yerusalemu.

Irabu ndizo tatizo. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, na Wayahudi waliacha kulitamka jina hilo kwa heshima, wakasoma Adonai mahali pake. Wamasora, waliotia alama za irabu karne nyingi baadaye, waliziweka kwenye YHWH irabu za Adonai ili kumkumbusha msomaji atamke lipi. Wasomaji wa Ulaya walizisoma konsonanti pamoja na irabu hizo za kuazima, na ndiyo asili ya Yehova. Uthibitisho uko palepale kwenye maandishi: Adonai na YHWH zinapofuatana, YHWH hupewa irabu za Elohim, ili msomaji asirudie Adonai mara mbili. Irabu zinazobadilika kufuatana na jirani haziwezi kuwa irabu za jina lenyewe. "Yahweh" ni umbo lililoundwa upya na wataalamu kwa njia nyingine, ikiwemo kifupi Yah na maandishi ya Kigiriki ya wakristo wa mwanzo. Kutoka 3:14 hulifunga jina hilo na kitenzi cha kuwa. Kama maana yake ni "yuko" au "husababisha kuwapo" bado watu wanabishana.

Rahmani nalo lina mawe. Katika maandishi ya Yemen ya kabla ya Uislamu kuna Rahmanan, ambapo -an ya mwisho ni kibainishi cha lugha ya huko, kinachofanya kazi ya al-.

Tano, chunguza majina ya watu na mahali

Watu husahau sala lakini hawasahau majina ya watoto na visima. Haleluya ni "msifuni Yah". Eliya ni "Mungu wangu ni Yah", Danieli hubeba El, yaani Mungu, Ishmaeli ni "Mungu husikia", na Mwanzo 16:11 yenyewe inasema hivyo. El ni neno la kale kupita Israeli. Mabamba ya Ugarit, Shamu, yalianza kufukuliwa mwaka 1929, na humo El ni mkuu wa miungu.

Kwa Wasomali, Waaq, jina la Mungu la kabla ya Uislamu ambalo Waoromo bado wanalo, limehifadhiwa katika miji: Ceelwaaq, kisima cha Waaq. Katika Caabudwaaq, caabud ni neno la Kiarabu la kuabudu. Jina moja la mji lenye kitenzi kilichokuja na Kiarabu na jina lililokuwapo kabla yake ni ushahidi kwamba vyote viwili viliwahi kukaa katika kinywa kimoja.

Sita, ondoa tabaka la tafsiri

Usitafute asili ya jina kupitia Biblia ya Kiswahili kabla ya kujua wafasiri walilipa kila neno nini. Katika tafsiri ya Union Version, BWANA kwa herufi kubwa ni YHWH. Bwana kwa herufi ya kawaida ni Adonai. Zikifuatana, kama Ezekieli anavyorudia, utaona "Bwana MUNGU", herufi kubwa zikihamia kwa neno la pili. YEHOVA imeachwa mahali pachache, kama Kutoka 6:3 na Zaburi 83:18. Nakala nyingi za simu hupoteza herufi kubwa, na tofauti yote hufutika. Linganisha na kitabu kilichochapwa.

Mtego mkubwa zaidi ni Mwenyezi. Katika Union Version, "Mungu Mwenyezi" wa Mwanzo 17:1 ni El Shaddai. Katika tafsiri ya Habari Njema, "Mwenyezi-Mungu" ni YHWH. Mtu akikusanya aya zote zenye "Mwenyezi" kutoka tafsiri mbili, amechanganya majina mawili katika kapu moja na hatajua.

Wafasiri pia hubadilisha maana ya neno walilolichagua. Henry Callaway, aliyeandika maneno ya wazee wa Kizulu na kuyachapisha kuanzia 1868, alipata wengi wakimzungumzia uNkulunkulu kama mtu wa kwanza aliyetokea kwenye matete. Leo ni Mungu wa Biblia ya Kizulu. Francis Xavier alipofika Japani mwaka 1549 alifundishwa atumie Dainichi, akagundua baadaye kwamba ni Buddha mmojawapo, akahamia Deus. Kwa jina lolote lililoingia katika Biblia, andika maana mbili, ya kabla na ya baada, zenye tarehe.

Kuandika matokeo

Tumia ngazi tatu tu: hakika, yaelekea, pendekezo. Shaddai ni mfano wa kujizoeza: tafsiri "Mwenyezi" inafuata Kigiriki cha kale, uhusiano na neno la Kiakadi la mlima ni pendekezo lenye wafuasi, na asili yenyewe haijaamuliwa. Unapowasomea watu matokeo mbele ya Wayahudi, andika herufi YHWH na useme "Adonai" au "jina la herufi nne". Haibadilishi chochote katika utafiti.

Ingizo la Mungu likikamilika litakuwa hivi. Umbo: Mungu, la zamani Muungu, kutoka Mulungu (hakika, linganisha njala, mvula, fungula). Ngeli: mu-/mi- kwa umbo, watu kwa upatanisho (hakika). Aina: neno la aina lililokuwa jina. Shina -lungu: kuunga au ukoo (pendekezo, yote mawili). Uhusiano na Mzungu: hakuna ushahidi. Matumizi ya leo: Mungu mmoja wa Waislamu na Wakristo, na katika wingi, miungu, wale wanaokanushwa.